Mshiriki Hafiki Peke Yake

Bajeti ya kongamano la jamii hapa Tanga huanza na idadi ya watu. Washiriki 200, basi viti 200, chai 200, sahani 200 za mchana, nauli 200, na mistari 200 kwenye karatasi ya mahudhurio. Mhasibu anaipenda hesabu hii kwa sababu kila shilingi inayotoka ina saini mbele yake, na mfadhili akija kukagua hakuna la kujieleza. Lakini ndiyo hesabu inayowafungia watu nje kabla hata barua za mwaliko hazijaandikwa. Asiyeona anayetoka Pongwe anakuja na mtu wa kumwongoza. Mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo hana wa kumwachia mtoto, kwa hiyo anakuja naye au haji kabisa. Mzee anayetumia kitimwendo hawezi kugombania daladala. Anakodi bajaji nzima, kwenda na kurudi. Kijana kiziwi anafika mwenyewe kwa baiskeli yake kama vijana wenzake wa Tanga, ila pasipo mkalimani atashinda siku nzima akitazama midomo ya watu. Hao ni wanne tu, na hakuna hata mmoja anayeenea kwenye mstari mmoja wa karatasi ile.

Tukizungumzia ujumuishaji, mara nyingi tunaishia mlangoni. Tunauliza kama ukumbi una njia ya mteremko, tukiambiwa ipo tunaridhika. Njia ya mteremko ni lazima, na nitaifikia. Ila wengi wanaoachwa nje huachwa mapema zaidi, kwenye bajeti, kwenye ratiba na kwenye tangazo. Tena hawaachwi peke yao. Wanaachwa pamoja na mama anayenyonyesha, binti anayemlea bibi yake aliyepooza, baba aliyefiwa na mke na ana watoto wawili wa chekechea. Tumezoea kuwaweka kwenye mafaili mawili, watu wenye ulemavu upande huu, akina mama na watoto upande ule, kila faili na mfadhili wake na bango lake. Majumbani hakuna mafaili mawili. Anayelea na anayelelewa wanalala chini ya paa moja, na kongamano likimwalika mmoja bila kumfikiria mwingine, wote wawili wanabaki nyumbani.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Kwa kipimo hicho, kwenye ukumbi wa watu 200 wangekuwamo 22. Aliyewahi kuhudhuria mikutano yetu anajua kwamba hatuwaoni hao 22. Tunawaona wachache, na mara nyingi ni wale wale viongozi wa vyama waliopelekewa barua rasmi. Wengine wako Makorora, Mzingani, Chumbageni na Sahare, na yanayojadiliwa ukumbini ni mambo yao hasa: upanuzi wa bandari, samaki wa soko la Deep Sea, bei ya mkonge, bomba la mafuta linalotoka Hoima nchini Uganda na kuishia Chongoleani baada ya kilomita 1,443. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa ajili ya mikopo, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Taarifa za fedha hizo hutolewa kwenye mikutano, na asiyefika hajui hata fomu inachukuliwa wapi.

Sheria tunayo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikapatikana Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Sitakaa hapo, kwa kuwa sijaona mwandaaji wa kongamano anayekataa kwamba watu hawa wana haki ya kuwepo. Wote wanakubali. Tatizo liko kwenye maamuzi madogo madogo yanayofanywa na watu wenye nia njema.

Msaidizi ndiye anayesahaulika zaidi. Anayemwongoza asiyeona mara nyingi ni mpwa, mjukuu au jirani. Siku hiyo ameacha genge lake au kibarua chake. Anafika ukumbini, jina lake halimo, anaambiwa asubiri nje. Mshiriki anashikwa mkono na mtu asiyemjua na kuketishwa mahali asipopajua, na akitaka kwenda chooni inabidi aanze kuuliza kwa sauti nani aliye karibu. Mchana ukifika, kuponi ni moja, sahani ni moja, na wawili wanakula pamoja kwa kuona haya. Jioni nauli inatolewa kwa mmoja. Mwaliko unaofuata, mpwa anasema ana kazi, na hakuna wa kumlaumu. Ndiyo maana kwenye makongamano tunakutana na sura zile zile miaka nenda miaka rudi: wanaofika ni wale wenye ndugu mwenye subira na nafasi.

Dawa yake ni mstari mmoja kwenye bajeti, ulioandikwa "wasaidizi" tangu rasimu ya kwanza. Kwa kongamano la watu 200 mimi ningetenga nafasi 20: nauli, chakula na kiti kilicho karibu na mshiriki. Isipotumika yote, fedha inarudi. Wafadhili hukubali mstari huo wakiukuta umo tangu mwanzo. Ugumu huja pale mwandaaji anapouomba wiki moja kabla, akiwa hana kifungu cha kuutolea. Na msaidizi akishaingia, asigeuzwe msemaji. Swali aulizwe mshiriki mwenyewe, kwa jina lake, hata kama aliyemshika mkono ndiye anayemtazama muulizaji usoni.

Sasa tuje kwenye muda, jambo ambalo sijasikia likitajwa popote panapozungumzwa ulemavu. Ratiba inasema saa 3:00 asubuhi. Mgeni rasmi anaingia saa 5:00. Kwa mtu mwenye afya, hizo ni saa mbili za kupiga soga. Kwa aliyeumia uti wa mgongo, saa mbili za kukaa bila kubadili mkao zinaweza kuanzisha kidonda cha mgandamizo kitakachomlaza wiki na miezi. Mwenye kisukari ana saa ya kula, mwenye kifafa ana saa ya dawa. Mkalimani aliyepatana kazi hadi saa 8:00 mchana anafunga mkoba wake saa 8:00, na kwa sababu hotuba zote zilisogezwa mbele, mjadala wa wananchi ndio kwanza unaanza. Mama aliyemwacha mtoto kwa jirani aliahidi kurudi kabla ya adhuhuri kuisha. Anaondoka kimyakimya wakati wenzake wanaunda kamati, na jina lake halimo kwenye kamati.

Kuchelewa huko tumekuchukulia kama sehemu ya itifaki. Mimi naona ni kizuizi kizito kuliko ngazi, kwa kuwa ngazi unaweza kuitafutia ukumbi mwingine. Kongamano lianze saa iliyoandikwa, na mjadala utangulie. Mgeni rasmi akifika apokewe kwa heshima zake zote, apewe nafasi yake, kisha kazi iendelee. Kila kipindi kisizidi dakika 90 bila mapumziko. Saa ya kufunga iheshimiwe kuliko hata saa ya kufungua, maana ndiyo saa ambayo watu wamewaahidi watoto, wagonjwa na madereva wa bajaji. Tanga tunajua kupanga mambo kwa kufuata swala: hakuna anayeweka kipindi muhimu Ijumaa saa 7:00 mchana, na akina mama wengi wanataka wawe wamefika nyumbani kabla ya magharibi. Uangalifu huo huo upanuliwe kidogo. Hata majira yana uzito. Katika masika, kati ya Machi na Mei, barabara za vumbi za pembezoni hugeuka tope, na magurudumu ya kitimwendo hayavuki tope.

Tangazo nalo lina mlango wake. Siku hizi mwaliko ni picha inayozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, yenye nembo, maua na herufi za kunakshiwa. Asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini ataambiwa na simu yake kwamba kuna picha, basi. Ujumbe ule ule ukiandikwa kwa maneno chini ya picha, simu itamsomea. Gari la matangazo linalopita Ngamiani na kipaza sauti halimfikii kiziwi. Ujumbe wa sauti pia haumfikii. Kwa hiyo mwaliko mmoja unahitaji njia mbili au tatu, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoongeza gharama ya maana. Kwenye fomu ya kujiandikisha, swali "Je, una ulemavu?" halimsaidii mwandaaji, na wengi hulikwepa kwa sababu wanazozijua wenyewe. Swali linalosaidia ni "Unahitaji nini ili ushiriki vizuri?", likifuatiwa na mifano: mkalimani, maandishi makubwa, nafasi ya kitimwendo, mahali pa mtoto, kiti cha mbele. Jibu lake linakwenda moja kwa moja kwa mnunuzi wa vifaa.

Tanga imejaaliwa kuwa mji tambarare, ndiyo maana baiskeli imeshika mizizi hapa kuliko miji mingi ya nchi hii. Ukiwa Ngamiani, zile barabara zenye namba zimenyooka na hazina mwinuko. Watu wengi wenye ulemavu wa miguu wanatumia baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono, na wanafika popote nayo. Ila baiskeli hiyo ni pana, haipiti kwenye mlango wa ukumbi. Mwenyewe anaiacha uani, anateremka, anaingia kwa kutambaa sakafuni katikati ya watu waliovaa suti. Nimeliona hilo, na sidhani kuna hotuba ya ufunguzi inayoweza kulifuta. Waandaaji waazime viti mwendo vitatu au vinne, viwekwe mlangoni, na awepo mtu wa kuzilinda baiskeli nje. Hayo mawili tu yanabadilisha namna mtu anavyoingia, na namna anavyotazamwa akisimama kuchangia.

Kuhusu mteremko wenyewe, kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda inadai sentimita 12 za urefu. Kibaraza cha sentimita 45, yaani ngazi tatu za kawaida, kinahitaji mteremko wa mita 5.4. Ubao wa mita moja na nusu ulioegeshwa asubuhi hiyo na fundi ni hatari, haustahili kuitwa njia. Na vijana wanne wanaombeba mtu juu juu pamoja na kiti chake huku wapiga picha wakiwafuata, wanamwangusha heshima hata kama hawamwangushi mwili. Choo nacho kipimwe kwa mtu kuingia na kiti chake na kufunga mlango. Wapo wanaojizuia kunywa maji tangu usiku wa jana yake kwa kuwa wanaujua ukumbi wanakokwenda. Na hilo wanalifanya katika joto letu la pwani.

Ukitaka kujua mwandaaji amemfikiriaje mtu mwenye ulemavu, usitazame mlango, tazama jukwaa. Kumbi kadhaa zimeshaweka mteremko wa kuingilia, lakini jukwaa lina ngazi tupu, na maiki imefungwa kwenye meza ya kusimamia kwa urefu wa mtu aliyesimama. Maana yake ni kwamba mtu wa kitimwendo alitarajiwa kuja kusikiliza. Hakuna aliyewaza kwamba atakuja kuwasilisha mada kuhusu uvuvi, kuhusu kodi ya ardhi, kuhusu programu za simu au historia ya mji huu. Akipewa nafasi, anapewa kuzungumzia ulemavu wake, dakika kumi, kisha picha ya pamoja. Watu hawa wana taaluma. Mkoa wetu una shule ya wasioona ya Irente kule Lushoto, na Pongwe hapa jirani wanasoma wanafunzi wasioona. Waliopita katika madarasa kama hayo wamekuwa walimu na wanasheria. Waalikwe kwa wanayoyajua. Na kama jukwaa halipandiki, lishushwe: wazungumzaji wote waketi kwenye viti chini ya jukwaa, usawa mmoja na wasikilizaji, kila mmoja na maiki ya mkononi. Hakuna fundi anayehitajika.

Kwa viziwi, kosa la kawaida ni kumleta mkalimani mmoja kwa siku nzima. Kutafsiri lugha ya alama kunachosha mwili na akili. Ndiyo maana wakalimani hufanya kazi wawili wawili, wakipokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30. Wakae karibu na mzungumzaji, mwanga ukiwaangukia, na taa zisizimwe zote pale projekta inapowashwa, kwa sababu kwenye giza kiziwi hana kitu. Mzungumzaji akionyesha jedwali anyamaze kidogo, maana mtu hawezi kusoma ukutani na kumtazama mkalimani kwa wakati mmoja. Kwetu pwani kuna jambo jingine: hotuba zetu zimejaa mafumbo, misemo na mashairi ya papo kwa papo. Mkalimani akipewa mada siku tatu kabla, anapata muda wa kufikiria fumbo litabebwaje kwa mikono. Asipopewa, atasema "ametania" na kuendelea. Ni vyema pia kuwauliza CHAVITA, chama cha viziwi, mapema, kwa kuwa si kila kiziwi amesoma Lugha ya Alama ya Tanzania; wapo waliokulia nyumbani na ishara za familia tu, na hao wanahitaji mpango mwingine.

Mzungumzaji yule yule anayenyamaza kwa ajili ya kiziwi aseme kwa ajili ya asiyeona. "Kama mnavyoona hapa" ni sentensi inayomtoa mtu ukumbini. Asome tarakimu, aeleze picha. Wenye ualbino wengi wana uoni hafifu, kwa hiyo kiti cha mbele na maandishi makubwa ni haki yao ya kwanza. Na kama kikao ni chini ya turubai, wawekwe ndani kabisa, mbali na ukingo ambao jua la Tanga linauingilia ikifika saa 5:00. Na chumba kimoja kidogo kibaki bila muziki, kwa ajili ya mwenye usonji, mwenye kipandauso, au yeyote aliyelemewa na spika.

Tumebakiwa na watoto. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wake katika muda wa kazi. Kongamano la siku nzima halimpi hata pazia. Kila mara naona akina mama wameketi kwenye ngazi za nje, mtoto mapajani, wakijaribu kusikiliza kupitia dirishani. Wamekuja kwa gharama yao, wanakosa nusu ya yaliyosemwa. Kona ya watoto inahitaji mkeka, maji, uji, vitu vya kuchezea na chumba chenye mlango unaoonekana kutoka ukumbini. Inahitaji zaidi walezi waliolipwa, wasiopungua wawili kwa wakati wowote, wanaojulikana mtaani, na daftari linaloonyesha nani amemleta mtoto, namba yake ya simu, na kwamba ni yeye tu atakayemchukua. Hapo ulinzi wa mtoto hauna mjadala. Kumwachia kazi hiyo binti wa kujitolea mwenye miaka 16, akiwa peke yake na watoto ishirini, ni kuwaweka wote katika hatari, yeye akiwamo.

Na kona hiyo isibague. Hapa ndipo makundi yangu mawili yanapokutana waziwazi. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anahitaji mlezi anayejua kumlisha akiwa ameinuliwa, taratibu, ili asipaliwe. Mtoto mwenye usonji anaweza kutoka mbio mlango ukiachwa wazi. Mlezi asipojua hayo, mama wa mtoto huyo ataambiwa kwa upole kwamba "huyu tunaomba ukae naye mwenyewe", naye ndiye aliyehitaji kupumzika kuliko mama yeyote ukumbini. Mama mwenye uzoefu wa kulea mtoto wa namna hiyo alipwe awe mmoja wa walezi. Kazi hiyo anaijua kuliko mwenye cheti.

Najua linalokuja: fedha. Naliheshimu swali hilo, kwa kuwa vikundi vingi vya Tanga vinaandaa mikutano kwa michango ya wanachama, na wakalimani wawili kwa siku mbili si fedha ndogo. Ila nimeona bajeti zinazodai kukosa fedha ya mkalimani zikiwa na fulana za washiriki, kofia, mabegi yenye nembo na bango la mita sita. Fulana inavaliwa kulimia mwezi unaofuata. Aliyekosa mkalimani hakuhudhuria, hata kama alisaini. Na pale ambapo kweli hakuna fedha, mwaliko useme ukweli: tutakuwa na mahali pa watoto, mkalimani hatujampata, choo cha ukumbi kina ngazi moja. Mtu akijua hivyo anaamua mwenyewe, anakuja na ndugu, au anapendekeza ukumbi mwingine anaoujua. Kinachovunja moyo ni kuahidiwa "wote mnakaribishwa", kutumia elfu kumi ya bajaji, na kukuta ngazi.

Kuna kazi moja ambayo Halmashauri ya Jiji la Tanga, vyama vya watu wenye ulemavu vilivyo chini ya shirikisho lao, SHIVYAWATA, na wenye kumbi wanaweza kuifanya pamoja bila kusubiri mradi wa mtu. Wachukue futi ya fundi, wazunguke kila ukumbi unaokodishwa mjini, wa serikali, wa dini, wa shule na wa hoteli. Wapime upana wa milango, urefu wa ngazi, nafasi ya choo, umbali kutoka kituo cha daladala, kama kuna chumba cha pembeni kinachofaa kwa watoto. Wapimaji wawemo watumiaji wa baiskeli za magurudumu matatu na akina mama wenye watoto mgongoni, kwa sababu wao wanajua pa kuangalia. Matokeo yabandikwe ofisi za kata na yatumwe kwa maandishi ya kawaida kwenye simu. Mwandaaji ataanza kuchagua ukumbi kwa karatasi hiyo, na mwenye ukumbi atakayeona wateja wanampita kwa sababu ya ngazi tatu atamwita fundi saruji mwenyewe.